Shajara ya Mradi: Kuzisikiliza Filamu

Lengo na utaratibu

Tangu zamani maoni yangu kuhusu filamu yamekuwa ya macho: picha imetulia, rangi zimekolea, huyu kaigiza vizuri, yule kapwaya. Mradi huu ni wa masikio. Nimeandaa orodha ya filamu, nyingi za miaka ya karibuni na moja mbili za nyuma kidogo, na kila moja naitazama zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza natazama kama mtu yeyote aliyelipa kiingilio, bila kalamu. Nikiirudia, nachagua tukio moja au mawili, nafumba macho na kuandika ninachokisikia tu. Kisha tukio hilohilo nalitazama nikiwa nimezima sauti, nijue picha ikiachwa peke yake inabaki na nini.

Kufumba macho nakufanyia nyumbani. Nilijaribu ukumbini, na mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye mwenzangu wa sinema, akanigusa kiwiko: "Dada, si bora ungebaki na redio?"

Daftari lina alama nne. N ni maneno. V ni vishindo na milio ya vitu: hatua, mlango, upepo, injini. K ni kimya. M ni muziki, na huo nimeugawa, kwa sababu kuna muziki ambao wahusika wenyewe wanausikia, redio ikiwa mezani au bendi ikiwa jukwaani, na kuna ule tunaousikia sisi wa vitini peke yetu. Wa kwanza naupigia mstari chini.

Ninachotaka kujua ni kimoja: filamu hii inamwamini mtazamaji wake au haimwamini? Dhana yangu ni kwamba jibu hujitokeza kwenye sauti mapema kuliko kwenye picha. Mwongozaji asiyeniamini hujaza muziki kila penye pengo, kama mgeni anayeogopa kunyamaza sebuleni. Mama akilia, fidla zimeshaingia. Mtu akifungua mlango gizani, besi imeshanguruma. Naambiwa nihisi nini kabla sijapata nafasi ya kuhisi. Kwa hiyo nyota sitoi. Mwisho wa kila ukurasa naandika "inaniamini" au "hainiamini", na sababu.

Tahadhari kwa atakayesoma: nafichua miisho bila huruma.

Machi, mwanzoni. The Zone of Interest

Nimeanza na filamu hii ya Jonathan Glazer ya 2023 kwa sababu ndiyo iliyonitia wazo la mradi wenyewe. Rudolf Höss, kamanda wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, anaishi na mkewe Hedwig na watoto wao katika nyumba nzuri yenye bustani, na ukuta wa bustani ndio ukuta wa kambi. Maisha ya nyumbani tunayaona. Mauaji hatuyaoni hata mara moja, tunayasikia.

Inafunguka kwa giza. Jina la filamu linafifia, halafu skrini inabaki nyeusi kwa muda unaotosha kumfanya mtu ageuke kumwangalia jirani yake, huku muziki wa Mica Levi ukididimia polepole. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba mashine imeharibika. Kisha ndege wakalia, na hapo tu ndipo tulipoiona familia kando ya mto. Lile giza lina kazi: linakutia masikio kazini kabla hujapewa cha kutazama. Muziki wenyewe ukishaondoka hauonekani tena ila sehemu chache mno, na hakuna hata mara moja unapotumika kutuambia tuogope.

Kwa daftari nilichukua matukio ya bustanini. Mbele kuna sauti za nyumba yoyote: watoto, maji, mazungumzo ya maua na mboga. Nyuma yake kuna mvumo mzito usiokatika, kisha mbwa, kisha mlio wa risasi, kisha ukelele wa mtu usiofika mwisho. Hakuna anayegeuza shingo. Ukurasa wangu wa kwanza umejaa V za mvumo ule. Ukurasa wa pili hauna hata moja, na mvumo haukuwa umekoma. Hapo ndipo nilipoona mtego ulivyotegwa: katika muda usiozidi nusu ya filamu, Glazer alikuwa ameshanigeuza mkazi wa ile nyumba.

Msanifu wa sauti, Johnnie Burn, alikusanya maktaba nzima ya sauti akifuata ushahidi wa walionusurika: mashine za namna gani zilikuwepo, risasi zilisikikaje kutoka umbali gani. Yeye na Tarn Willers walipata Oscar ya sauti mwaka 2024. Kamera nazo, hadi kumi kwa wakati mmoja, zilifichwa ndani ya nyumba bila wapigapicha kusimama nyuma yake, ndiyo maana watu wanasikika wakizungumza kutoka chumba cha pili, wakiingia na kutoka, kama watu wanavyosikika nyumbani kwao.

Nilipozima sauti, nilibaki na filamu ya familia inayopenda bustani. Inachosha. Sioni ushahidi mkubwa kuliko huo.

Kuna mtu mmoja ambaye masikio yake bado hayajafa: mama yake Hedwig, aliyekuja kutembea. Mchana anasifia maua. Usiku hapati usingizi, na kunapokucha ameshaondoka bila kuaga, ameacha barua. Hedwig anaisoma na kuitupa motoni. Barua ilisema nini hatuambiwi, wala hatuhitaji kuambiwa. *Inaniamini*, tena kwa ukali.

Machi, katikati. Kuhusu vyombo

Nimebadilisha utaratibu kidogo. Filamu tulivu nitazisikiliza kwa spika za masikioni, na zenye makelele nitazifuata ukumbini.

Sababu ni ya kiufundi na inafaa ijulikane, maana watu wengi wanalalamika kwamba filamu za siku hizi maneno hayasikiki na wanadhani wamezeeka. Ukumbini maneno hutoka zaidi kwenye spika ya katikati, iliyo nyuma ya skrini yenyewe. Skrini ina matundu madogomadogo ya kupitishia sauti. Muziki na vishindo vina spika zao pembeni na nyuma, kwa hiyo havigombani na midomo ya waigizaji. Televisheni nyembamba ina spika mbili ndogo zinazotazama chini au ukutani. Sauti zote zilizokuwa zimetengewa nafasi zinakunjwa na kupitishwa kwenye vitundu hivyo viwili, na mnong'ono unazama. Ongeza tofauti kubwa kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, ambayo ukumbini ni raha na sebuleni ni mateso: unaongeza sauti usikie mtu anasema nini, mlipuko unakuja, unakimbilia rimoti.

Ukumbi nao una adhabu zake. Katika ukumbi ambao sitautaja, filamu ya mapigano ya chumba cha pili ilivuja ukutani muda wote wa filamu iliyojaa kimya. Nililipia filamu moja, nikasikia mbili.

Machi, mwishoni. Anatomy of a Fall

Kama mradi huu ungekuwa na filamu moja tu, ningeichagua hii. Justine Triet alishinda nayo Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 2023, tamasha lilelile ambalo The Zone of Interest ilitoka na Grand Prix, tuzo ya pili, na Sandra Hüller yumo katika zote mbili kama mhusika mkuu wa kike. Mwaka mzuri kwake, na kwa masikio yangu pia.

Kisa ni chepesi kusimulia. Mwandishi Sandra anaishi milimani Ufaransa na mumewe Samuel na mtoto wao Daniel, ambaye macho yake hayaoni vizuri. Samuel anakutwa amekufa kwenye theluji chini ya nyumba. Alianguka, alijirusha, au alisukumwa? Kilichobaki ni mahakama.

Watu huizungumzia kama filamu ya maneno, na ni kweli wanaongea sana. Ila kesi yenyewe imejengwa juu ya sauti. Mwanzoni Sandra anahojiwa na mwanafunzi, na ghorofani mumewe anapiga muziki kwa sauti ya juu kabisa, wimbo mmoja usio na maneno, unaisha na kuanza upya. Mahojiano yanavunjika. Bado hatujamwona mtu huyo na tayari tuna kesi naye. Au tunamwonea huruma. Mdogo wangu alisema, "Huyu mume ana kisirani." Mimi nilisikia mtu anayeomba asikilizwe na hajui njia nyingine. Wimbo mmoja, watu wawili kwenye kochi moja, hukumu mbili, na hakuna fidla iliyotuambia nani yuko sahihi. Filamu nzima haina muziki wa kutuelekeza. Kuna ule wa ghorofani na kuna piano anayoipiga mtoto, yote naipigia mstari.

Baadaye wapelelezi wanarudi nyumbani na kupiga wimbo uleule kwa sauti ileile, ili wapime kama Daniel, akiwa nje, angeweza kuwasikia wazazi wake wakizungumza kwa utulivu kama alivyodai. Hawezi. Sidhani nimewahi kuona filamu nyingine ambayo kiwango cha sauti ya spika ni kielelezo cha mahakamani, na shahidi mkuu ni mtoto anayeutegemea usikivu wake.

Lakini tukio nililolirudia hadi mdogo wangu akahama chumba ni la kinasa sauti. Samuel alikuwa amerekodi kwa siri ugomvi wao wa siku moja kabla ya kifo chake, na rekodi inapigwa mahakamani. Inaanza sauti tu. Kisha Triet anatuhamishia jikoni na tunawaona wote wawili, wanabishana kuhusu muda, kazi, lugha, nani kamnyima nani nini. Ugomvi unapanda. Na pale unapogeuka kuwa wa mikono, picha inaondolewa. Tumerudi mahakamani, watu wamekaa kimya, spika inatoa mlio wa kitu kinachovunjika, kipigo, pumzi. Nani amempiga nani? Sandra anaulizwa aeleze kila kishindo, na anaeleza, na kila maelezo yanaingiana vizuri na kishindo chake. Tatizo ni kwamba maelezo mengine pia yangeingiana.

Mwongozaji mwingine angetuonyesha. Angekuwa ameshatuandalia ukweli na kutufanya wapelelezi wa uongo. Triet anatupa kile walichonacho wazee wa baraza, si zaidi.

Halafu kuna pigo la mwisho ambalo mara ya kwanza lilinipita. Daniel anatoa ushahidi wa mazungumzo aliyowahi kufanya na baba yake garini. Tunaoneshwa gari, baba anaendesha, midomo yake inacheza. Sauti inayotoka ni ya Daniel. Macho yanasema hili lilitokea. Masikio yanasema huyu ni mtoto anasimulia. Nilipozima sauti, tukio likawa kumbukumbu ya kawaida kabisa, ushahidi safi. Nilipofumba macho, likawa hadithi ya mtoto aliyeamua jambo. *Inaniamini* kuliko ninavyojiamini.

Aprili. Kubwa mbili

Oppenheimer (2023) na Dune: Part Two (2024) nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinataka ukumbi mkubwa na zote zinapenda kukutetemesha kifua.

Oppenheimer ni kisa cha mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, na mwongozaji wake, Christopher Nolan, ana desturi inayojulikana: hupendelea maneno yaliyosemwa na mwigizaji siku ya kupiga picha kuliko kuyarudia studio. Faida yake ni uhai. Hasara yake ni kwamba kuna sentensi za wanasayansi zinazofukiwa chini ya muziki wa Ludwig Göransson, na muziki huo hautulii kwa sehemu kubwa ya saa tatu. Daftari langu la filamu hii ni M, M, M. Nilikuwa tayari kuandika "hainiamini" na kufunga.

Lakini kuna jaribio la Trinity, la bomu la kwanza la atomiki, Julai 16, 1945. Bomu linalipuka, na sauti inatoweka. Mwanga, moto, nyuso, pumzi za watu. Hiyo ni fizikia kabla ya kuwa usanii: sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye kilomita kumi kutoka mlipuko huona mwanga karibu nusu dakika kabla ya kusikia chochote. Nolan ameuvuta muda huo kupita hapo, na ana haki. Kishindo kinapofika, ukumbi mzima uliruka, pamoja na mimi niliyekuwa nakisubiri.

Bora zaidi ni tukio la baadaye, Oppenheimer akihutubia wafanyakazi wenzake wanaoshangilia. Mdundo wa miguu yao kwenye mbao tumeshausikia mapema katika filamu bila kujua ni wa nini, sasa tunaujua. Kisha makofi yanakatwa, anaendelea kuongea ndani ya kimya, na kinachopenya ni ukelele mmoja ambao huwezi kusema ni wa furaha au wa kuungua. Kwa matukio hayo mawili naandika *inaniamini kwa vipindi*. Tuzo saba za Oscar ilizipata. Ile ya sauti ikaenda kwa nyumba yenye bustani, na naona wapigakura walisikia vizuri.

Dune: Part Two ndiyo iliyoshinda ya sauti mwaka uliofuata. Ni kazi safi. Mchanga unanguruma, kiti kinanguruma, nafsi inanguruma. Nilifurahi sana na sina ukurasa mrefu. *Hainiamini*, na siku ile sikuhitaji kuaminiwa.

Aprili, mwishoni. Sound of Metal

Hii ndiyo ya zamani kuliko zote za kutoka nje katika orodha, ilionyeshwa kwanza 2019, na iko hapa kwa sababu huwezi kufanya mradi wa masikio ukairuka. Ruben, mpiga ngoma, anapoteza usikivu. Darius Marder anatupeleka ndani na nje ya kichwa chake: sasa tunasikia chumba kama kilivyo, sasa tunasikia anachosikia yeye, sauti zimefunikwa, maneno hayana ncha. Nicolas Becker, aliyesimamia sauti, alinasa hata sauti za ndani ya mwili wa Riz Ahmed, anayemcheza Ruben. Mwaka 2021, Oscar ilipounganisha tuzo mbili za sauti kuwa moja, hii ndiyo iliyoipata ya kwanza.

Mwanzoni alfajiri moja tunasikia kila kitu: mashine ya kusagia, matone ya kahawa, kitambaa. Baadaye anafanya mambo yaleyale na hakuna kitu. Hapo unagundua umeibiwa.

Utaratibu wangu wa kuzima sauti uligonga mwamba hapa, na nimefurahi. Matukio ya meza ya chakula katika jumuiya ya viziwi, kwa anayejua lugha ya alama, hayapotezi chochote. Na mwanzoni mazungumzo hayo hayana maandishi ya chini, ili mtazamaji anayesikia akae nje ya meza pamoja na Ruben hadi atakapojifunza. Kumbe filamu imenigeuzia kibao: mwenye upungufu ukumbini ni mimi. Ilitolewa na maandishi ya maneno na sauti yakiwa kwenye picha yenyewe, si jambo la kuomba pembeni, na sielewi kwa nini si kawaida kwa filamu zote. Wapo viziwi waliohoji kwa nini nafasi kuu ilipewa mwigizaji anayesikia. Hoja yao ina uzito. Paul Raci, anayecheza Joe, kiongozi wa ile jumuiya, anasikia pia, ila alilelewa na wazazi viziwi, na mikono yake inaonyesha.

Ruben anafanyiwa upasuaji wa kifaa cha kusikia. Sauti inarudi ikiwa ya bati, imekwaruzika. Huko Paris mpenzi wake Lou anaimba na baba yake kwenye karamu; kwanza tunausikia wimbo kama wageni wanavyousikia, mzuri, halafu tunaingia kichwani mwa Ruben na ni chuma kinakwanguana. Hapo nina neno: badiliko hilo linakuja mahali ambapo machozi yamepangwa. Marder ananishika mkono pale ambapo ningefika mwenyewe. Mwisho, akiwa kwenye benchi, kengele za kanisa zinamkera na anavivua vile vifaa, ni mzuri kiasi kwamba nimemsamehe. *Inaniamini.*

Mei. Flow, na nyingine kwa kifupi

Paka, mafuriko, mashua, na wanyama wachache wanaolazimika kuvumiliana. Hakuna neno hata moja la binadamu. Gints Zilbalodis wa Latvia aliitengeneza kwa Blender, programu ya bure ambayo kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua, na mwaka 2025 ikashinda Oscar ya filamu ya katuni.

Wanyama wanalia kama wanyama. Wengi ni sauti halisi, isipokuwa kapibara, yule panya mkubwa wa Amerika Kusini: sauti yake halisi ilionekana nyembamba mno kwa mnyama mtulivu na mzito namna ile, wakampa ya mtoto wa ngamia. Nilipojua hilo nilicheka, kisha nikarudi kusikiliza, na bado nikamwamini kapibara. Uaminifu wa sauti si uhalisi. Sauti ya kweli inaweza kudanganya, na ya kuazima ikasema kweli.

Kasoro moja: muziki. Filamu iliyothubutu kuacha maneno ingethubutu kuacha pia zile nyuzi zinazovimba kila mashua ikifika mahali pazuri. *Inaniamini, ila ina wasiwasi kidogo.*

Perfect Days (2023) ya Wim Wenders, kwa kifupi: msafisha vyoo wa Tokyo na kanda zake za kaseti. Muziki karibu wote unatoka kwenye redio ya gari lake, kwa hiyo daftari limejaa M zenye mistari, na ukiondoa kaseti kuna fagio, maji, majani. Mdogo wangu alilala. Alipoamka aliuliza, "Bado anafagia?" Alikuwa bado anafagia. *Inaniamini.*

Mei, mwishoni. Vuta N'Kuvute

Filamu ya Amil Shivji ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mwanamume mzee, anaikimbia ndoa, anapokewa na rafiki yake Mwajuma, na anaangukia mikononi mwa Denge, mpigania uhuru. Wengi tumeanza kuwajua kwenye kitabu, kwa hiyo kila mtu anaingia ukumbini na sauti zake kichwani. Ya Mwajuma niliyokuja nayo mimi ilishindwa dakika za mwanzo tu, na Siti Amina, ambaye nje ya filamu ni mwimbaji, ndiye aliyeishinda.

Kwa mradi huu filamu hii imefungua jambo nililokuwa silioni. Katika filamu ya Triet macho yangu yalikuwa chini ya skrini nusu ya muda, yanasoma. Nilikuwa nasikia sauti za watu kama muziki, na maana naipata kwa maandishi. Hapa maandishi yapo kwa ajili ya wengine. Macho yako huru, na sikio linafanya kazi yake kamili: namna mtu anavyolegeza sauti mkubwa akiingia, namna mwanamke anavyokubali kwa maneno na kukataa kwa pumzi, salamu inayotolewa haraka kupita kiasi. Vitu hivyo havitafsiriki kwenye mstari wa chini, na anayesoma havipati. Nimeandika N nyingi, na pembeni ya kila N nikajikuta naandika *jinsi* ilivyosemwa. Hakuna ukurasa mwingine wenye maelezo hayo.

Nina lalamiko la mpenzi, si la adui: palipo na taarabu ningependa kamera ikae, wimbo uishe. Filamu inapendeza macho sana na wakati mwingine inajua hivyo. *Inaniamini.* Na imenifanya nitilie shaka kidogo hukumu zangu za waigizaji wa lugha nisizozijua, hasa pale ninaposema "kaigiza vizuri" juu ya mtu ambaye nimemsoma tu.

Juni. Sinners

Ryan Coogler, 2025. Mississippi, 1932. Mapacha wawili, wote Michael B. Jordan, wanarudi nyumbani na kufungua ukumbi wa muziki kwa usiku mmoja. Binamu yao mdogo Sammie anapiga gitaa na kuimba blues kwa namna inayoita watu, wakiwemo wasiotakiwa.

Kwa dhana niliyoanza nayo, filamu hii ingeanguka. Muziki umejaa tele, na Göransson ndiye tena. Lakini sehemu kubwa ina mstari chini: watu wanaupiga, wanaucheza, wanaufia. Na lipo lile tukio la katikati, Sammie anaimba na kuta za wakati zinaachia: anatokea mpiga gitaa la umeme, DJ, wachezaji wa hiphop, wachezaji wa Afrika Magharibi wa kale, wachezaji wa opera ya Kichina, wote katika ukumbi mmoja, kamera inapita katikati yao bila kusimama. Nilipolisikiliza nimefumba macho nilitegemea fujo. Haikuwa fujo. Kila ala inaingia juu ya mdundo uleule wa miguu, na sauti ya Sammie haipotei chini ya yote. Hakuna anayetueleza hawa ni akina nani, na yeyote mwenye masikio anajua.

Kisha wanyonya damu wanafika mlangoni. Sheria yao ni ya zamani: hawaingii bila kukaribishwa. Wanafanyaje? Wanaimba. Wanaimba vizuri, kwa adabu, nje ya mlango, na waliomo ndani wanasikiliza na kupima. Nikaikumbuka familia ya Höss na ukuta wake. Huko watu wamejifundisha kutosikia. Hapa usalama wa wote unategemea anayesikia vizuri kilicho nyuma ya wimbo mtamu.

Nusu saa ya mwisho inarudi kwenye mapigano na M zisizo na mstari, na mdogo wangu alikaa wima kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze. "Hii sasa ndiyo filamu," alisema. Kwa sehemu aliyoimaanisha, sikubaliani naye. *Inaniamini*, na imenilazimu kufuta sentensi moja ya dhana yangu: wingi wa muziki haupimi kitu. Kinachopima ni kama muziki una mwenyewe ndani ya hadithi, au umetumwa kuniangalia mimi.

Hali ya mradi hadi sasa

Alama ya M imegawanywa upya. Badala ya mstari tu, naandika jina la anayeusikia: mhusika gani, au "mimi". Kurasa za Dune na Oppenheimer itabidi nizipitie tena kwa alama hizi, na nashuku ya Nolan itapanda.

Nimeiondoa kwenye orodha filamu moja ya kutisha iliyokuwa ifuate. Dakika ishirini za mwanzo zilikuwa na mishtuko ya besi mingi kuliko watu. Nafasi yake nitaweka filamu mbili za Kiswahili, mfululizo, nione kama lile la *jinsi* linajitokeza tena au lilikuwa la Vuta N'Kuvute peke yake. Na Anatomy of a Fall nataka niitazame na mtu anayejua Kifaransa, asiyesoma maandishi ya chini, nimuulize tu anamsikiaje Samuel kwenye ile rekodi. Mdogo wangu amejitolea. Hajui Kifaransa.